Ukuta Unaotazama Kusini

Ukipita madukani wiki hizi utaona watu wamebeba vitu vilevile vya kila Desemba: vitenge, mashuka, mchele wa Kyela, sukari, mafuta ya kula, biskuti za watoto, shati la babu. Anayekwenda kwao sikukuu hapendi kufika mikono mitupu, na vitu hivi havijawahi kumwaibisha mtu. Kitabu hakimo kwenye mfuko huo. Kikiwemo, ni cha mtoto wa shule, tena cha mtaala, na mtoto mwenyewe hukipokea kwa uso wa mtu aliyepewa kazi za likizo.

Ipo aina moja ya kitabu, hata hivyo, ambayo naona watu wazima wanapeana bila kuoneana haya, nayo ni kitabu cha bustani. Sababu zake zinaeleweka. Mstaafu aliyejenga Kibaha ana uwanja nyuma ya nyumba na asubuhi ndefu. Dada aliyepanga ghorofani Sinza ana makopo ya rangi yaliyojaa udongo kwenye roshani, na ana hamu ya kula matembele aliyoyachuma mwenyewe. Mtoa zawadi anaingia dukani, anaona kitabu kipana chenye nyanya nyekundu kwenye jalada na karatasi inayong'aa, anasema hiki hapa, fungeni. Naiunga mkono zawadi hiyo kwa mikono miwili. Nisichokikubali ni namna tunavyoichagua: kwa jalada, kwa uzito, na kwa kuwa imetoka mbali.

Jirani yangu wa Kimara, mwalimu mstaafu, aliletewa kimoja na mwanawe anayeishi Uingereza. Mwalimu ni msomaji. Alikipitia penseli ikiwa mkononi, kama alivyozoea kusahihisha madaftari, na siku aliponiazima nilikuta alama za kuuliza pembeni tangu sura ya kwanza. Sura hiyo inamwelekeza mkulima achague ukuta unaotazama kusini, kwa kuwa ndio wenye jua na joto, na hapo apandishe mimea inayotambaa. Ni ushauri mzuri kabisa kwa mtu wa London, ambako jua la adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi kama tarehe 10 Oktoba, jua letu la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama kusini unashinda kivulini zaidi ya miezi saba. Pembeni mwa aya hiyo Mwalimu ameandika maneno mawili tu: "Kwa nani?"

Kalenda ya kitabu nayo ina vituko vyake. Machi umeandikwa kuwa mwezi wa kuamsha bustani: baridi inaondoka, mbegu za nyanya zinasiwa ndani ya nyumba karibu na dirisha ili sakitu isiziue, na miche hutolewa nje Mei ikikaribia kwisha. Kwetu Pwani, Machi masika ndiyo yanaingia. Mvua ya Aprili haiulizi mche una majani mangapi. Inapiga kitalu, inajaza maji kwenye matuta, na nyanya iliyosalimika inakutana na ukungu. Mkulima wa Pwani mwenye uzoefu huziweka nyanya zake zizae kati ya Juni na Septemba, usiku unapopoa kidogo. Januari na Februari usiku wa Dar una joto kiasi kwamba maua ya nyanya hupukutika bila kushika tunda. Kitabu cha Mwalimu kina kurasa nyingi za kuikinga nyanya na baridi, na hakina hata mstari juu ya joto la usiku, kwa sababu mwandishi wake halijawahi kumkosesha usingizi.

Penye kitunguu ndipo mambo yanapofikia hasara ya kweli. Kitunguu hakifanyi kichwa kwa sababu tu umekimwagilia na kukipalilia. Kinasubiri urefu wa mchana. Aina zinazolimwa Ulaya ya kaskazini zinataka mchana wa saa 14 na kuendelea ndipo zianze kujaza. London, mwezi wa Juni, mchana unapita saa 16. Dar es Salaam, mchana mrefu kuliko yote ya mwaka haufiki saa 13. Zipande hapa utapata majani ya kijani yaliyosimama kwa adabu, mwezi wa tatu, mwezi wa tano, na chini hakuna kitu. Ndiyo maana vitunguu vyetu ni vya aina za mchana mfupi, kama Red Creole na Bombay Red, pamoja na ile nyekundu ya Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu. Sasa mfikirie mtu aliyepewa kitabu cha ugenini pamoja na pakiti ya mbegu iliyotoka hukohuko. Atalaumu udongo wake, atalaumu mbolea ya dukani, na pengine atalaumu jicho la jirani.

"Shikamoo Mwalimu. Kitabu umekipenda?" nilimuuliza nilipokirudisha.

"Marahaba. Nimekipenda. Nakisoma kama kitabu cha safari."

Sisemi vitabu vya Waingereza ni vibaya. Naona ni vizuri, tena ni vizuri kwa sababu ni vya Uingereza. Mmoja wa waandishi waliofanikiwa kuliko wote katika fani hii ni D. G. Hessayon, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alitoa mfululizo wa vijitabu vyembamba vya bustani vilivyouzwa kwa mamilioni ya nakala. Fungua kimoja uone ufundi. Anajua msomaji wake ana kipande kidogo nyuma ya nyumba, anajua konokono watakuja usiku, anajua mbegu zipi zinapatikana kwenye duka la mtaa na msomaji hana muda wa nadharia. Picha ya ugonjwa imekaa kando ya maelezo yake. Hessayon hakujaribu kumwandikia mkulima wa dunia nzima, na hilo ndilo lililomfanya asomwe. Kitabu kizuri cha bustani ni cha mahali, na kadiri kinavyolijua vizuri eneo lake ndivyo kinavyofaa kidogo kwingine.

Vitabu vya Marekani navyo vina kipimo chao. Kila mmea umepewa namba ya kanda, kutoka 1 hadi 13, kufuatana na ramani ya Idara ya Kilimo ya nchi hiyo. Namba hiyo inaeleza baridi kali ya majira yao inashuka hadi wapi. Ni habari ya kufa na kupona kwa mtu wa Chicago anayetaka kujua mti wake utaamka ukiwa hai au la. Mtu wa Singida, ambaye hofu yake ni mvua kukatika Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, kanda hizo hazina la kumwambia.

Hata kitabu kilichoandikwa hapahapa kinaweza kuwa cha watu wengine. Mwaka 1934 kilichapishwa Gardening in East Africa, kikihaririwa na A. J. Jex-Blake kwa niaba ya wapenda bustani wa Kenya. Mvua ni zetu, udongo ni wetu, lakini bustani iliyokusudiwa ni ya mlowezi wa nyanda za juu, mwenye maua ya kumkumbusha kwao na mtu wa kumkatia nyasi. Ukikikuta kwa wauza vitabu vya mitumba, mnunulie rafiki anayependa historia, naye atakushukuru. Usimnunulie mtu anayetaka kujua mnafu wake unaliwa na nini.

Na kwa kuwa tumewagusa wauza mitumba, neno moja juu ya umri wa kitabu. Riwaya ya mwaka 1975 ni riwaya ileile leo. Kitabu cha bustani cha mwaka huo kinaweza kumwelekeza mpokeaji apulizie DDT, dawa ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliizuia isitumike tena shambani. Endosulfani, iliyokuwa kipenzi cha wakulima wa mboga na pamba, iliongezwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2011. Upande wa wadudu ni hivyohivyo. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyetoka Amerika ya Kusini na kupitia Ulaya, aliingia Tanzania mwaka 2014, na viwavijeshi vamizi wakafuata miaka michache baadaye. Kitabu kilichotangulia tarehe hizo hakiwajui. Mpokeaji ataona vijia vyeupe vimechorwa ndani ya jani la nyanya, ataperuzi picha zote, hatakiona chake, na ataishia duka la pembejeo kuuziwa chupa yoyote iliyo karibu. Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla ya kuitazama nyanya ya jalada, geuza ukurasa wa hakimiliki usome mwaka. Kisha nenda nyuma kwenye faharasa utafute mchicha, au bamia, au kisamvu. Kitabu kisichojua hata kimoja kati ya hivyo hakitamsaidia mtu wa Temeke, hata kiwe kizito vipi.

Upo upande mwingine unaosahaulika zaidi: anayepewa. Shangazi yangu wa Marangu hahitaji kitabu cha migomba. Anaishi ndani ya kihamba, chini ya miti mirefu ya kivuli, kisha migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na viazi vikuu na maharage, na ng'ombe wa ndani anayekula majani ya hapo na kurudisha samadi hapohapo. Mifongo inateremsha maji kutoka juu mlimani kama ilivyoteremsha kwa babu zake. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hiki, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Mpwa anayeshuka basi Desemba na kitabu cha picha kinachomfundisha mwanamke huyu kuchanganya mazao anastahili mtori, kwa sababu ni mgeni, lakini hastahili kusikilizwa.

Kwa shangazi mimi ningepeleka kaunta buku. Lile gumu, la kwaya mbili, pamoja na kalamu, na mjukuu wa kidato cha pili mwenye mwandiko unaosomeka. Jioni za sikukuu ni ndefu na watu wapo. Migomba ipi ni ya mtori na ipi ni ya mbege, mshare uachiwe machipukizi mangapi, masale yapandwe wapi yasizue kesi ya mpaka. Nilipomuuliza hilo la machipukizi alinijibu, "Inategemea mama yake anakula nini," na mjukuu aliyekuwa karibu akatazama huku na huku akimtafuta mama wa nani. Alimaanisha samadi. Hakuna kitabu dukani chenye majibu hayo, na wenye majibu wanazeeka.

Hilo la masale linanichekesha kila ninaposoma vitabu vya kigeni. Mmea ambao Wachaga huutumia kuwekea mipaka na kuombea msamaha, huko Ulaya uko kwenye sura ya mimea ya ndani, unafutwa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Jamaa yake katika safari hiyo ni ua la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao, mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi kutokana na jina lake, na leo liko kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima. Wajerumani bado wanaliita kwa jina la milima yetu. Huku kwenyewe, misitu ya Usambara linamoota porini inapungua, na katika watu kumi wa Muheza sidhani wawili watakuonyesha. Kitabu cha mimea ya Usambara, kwa Kiswahili, chenye ua hilo kwenye jalada, ningekinunua leo.

Tatizo ni kwamba hakuna pa kukinunulia. Ingia duka la vitabu, pitia hata mitandao ya simu, uone tulivyoandikiwa kwa Kiswahili juu ya kilimo. Ni kilimo biashara mwanzo mwisho. Tikiti maji eka moja, mtaji kiasi hiki, faida mamilioni. Vitunguu, mamilioni. Papai, mamilioni. Hesabu zote zinatoka vizuri kwa kuwa mvua haikosi, mdudu haji, na bei ya sokoni imesimama palepale inakungoja. Mtu mwenye matuta manne nyuma ya jiko, anayetaka tu mboga ya nyumbani isiyo na sumu na kivuli cha kukalia, hajaandikiwa. Wachapishaji wetu wanasema watu hawanunui vitabu. Naona hawajajaribu kuwauzia kinachowahusu. Mtu anayelipia mche wa mwembe wa kisasa na gunia la samadi hatashindwa kulipia kijitabu cha kumwambia apande lini, ikiwa kijitabu hicho kinajua tofauti ya Tanga na Tabora.

Vipo vya kuanzia. Jarida la Mkulima Mbunifu, linalotolewa tangu mwaka 2011, linaandika kwa Kiswahili kinachoeleweka juu ya mboji, dawa za asili, kuku na bustani, na wakulima hulipata bure. Zawadi nzuri niliyoiona ya aina hii ilikuwa matoleo yake kadhaa yaliyochaguliwa, yakachapwa na kufungwa kwa spiro kwenye stesheneri ya mtaani. Haina jalada la kung'aa, lakini mpokeaji aliifungua jikoni, ikapata madoa ya mafuta wiki ya kwanza. Kwa anayesoma Kiingereza na anayependa miti, kuna Useful Trees and Shrubs for Tanzania cha mwaka 1994, kilichoandikwa na Mbuya, Msanga, Ruffo na wenzao. Kila mti una mchoro wake, matumizi yake, namna ya kuuotesha, na majina yake kwa lugha zetu za makabila, kwa hiyo hata mzee asiyejua neno la Kiingereza ataonyeshwa ukurasa na atausahihisha. Mwaka 2002 Ruffo na wenzake wawili wakaongeza Edible Wild Plants of Tanzania, cha mimea ya porini inayoliwa. Wakenya wana chao cha mwaka 1999, Traditional Food Plants of Kenya, cha Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa. Nikiwa na fedha ya kitabu kimoja tu cha kumpa kijana anayeanza kupenda mimea, nachagua cha miti, cha 1994, kwa sababu ya yale majina.

Ndugu zetu walio nje wageuzie hesabu hiyohiyo. Dada aliyeko Minneapolis anayetaka mchicha wa kwao hasaidiwi na kitabu cha Morogoro; anahitaji cha jimbo lake, kitakachomwambia asubiri hadi hatari ya sakitu ipite, kama katikati ya Mei, ndipo atoe miche nje, na mchicha utampenda kwa joto la Julai. Shemeji wa Muscat anahitaji kitakachomwambia alime Oktoba hadi Machi na apumzike jua linapochachamaa. Wapelekeeni mbegu kama sheria za huko zinaruhusu. Kitabu wanunue walipo.

Na mbegu ziambatane na kitabu popote inapowezekana, kwa sababu kitabu peke yake kinawekwa juu ya kabati la televisheni. Chagueni pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na tarehe inayosomeka. Mbegu ya kitunguu hupoteza nguvu ya kuota ndani ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo ile iliyokaa kwenye shelfu la duka lenye joto tangu Pasaka ya mwaka jana isichukuliwe hata kwa bei ya kutupa. Nyanya chungu, mnafu na mgagani ni afadhali kuliko kabichi kwa anayeanza. Zimezoea hali zetu, na kituo cha mboga cha kimataifa kilichoko Tengeru, Arusha, kimekuwa kikikusanya na kuboresha mboga za asili za Afrika tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mbegu bora zipo. Aina chotara zinazaa sana, lakini mbegu zake ukizitunza na kuzirudia hazitoi mmea uleule, na hilo mpokeaji aambiwe mapema asije akadhani karogwa.

Liko pia suala la siku ya kufikisha. Mwenye ndugu Dar es Salaam au Tanga hana haraka: vuli inaishia, kiangazi cha Januari na Februari kinakuja, na miezi hiyo miwili inatosha kusoma, kurundika mboji na kuandaa kitalu kabla ya masika. Mwenye ndugu Dodoma, Iringa au Songea asingoje mkesha wa Krismasi. Huko mvua ni za msimu mmoja, na kufikia wiki hii wengi wameshashika majembe. Kitabu kikifika tarehe 25 kitawakuta wako shambani, hivyo kitume na basi Jumatatu, pamoja na mbegu, na uwapigie simu wakakipokee stendi.